Alimzika mumewe, sauti yake ikahamia kwa Tiko

Saa moja na nusu asubuhi, Swaumu Khalfani anafunua turubai la meza yake kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Anatundika soksi kwenye waya: nyeupe za shule kulia, nyeusi kushoto, na zile ndogo za vichanga mbele kabisa, pale ambapo mama mjamzito hapiti bila kuzishika. Kisha anatoa spika ndogo ya kijivu kwenye mfuko, anaifuta vumbi kwa pindo la kanga, anasema "Bismillahi" na kuiwasha.

Kwanza kinasikika kikohozi. Kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea na wageni. Halafu inafuata sauti ya mwanamume, ya chini, isiyo na haraka, tofauti kabisa na makelele ya spika nyingine za mtaa huo.

"Nipo jamani, sijaenda mbali. Usizunguke na jua. Pinda kona, utanikuta palepale. Soksi jozi tatu elfu mbili."

Baada ya sekunde kumi na nne inaanza upya, na kikohozi chake. Itaendelea hivyo kwa saa tisa za biashara, zaidi ya mara elfu mbili, mpaka Swaumu atakapofunga.

Mwenye sauti ni Bakili Mrisho, mume wa Swaumu. Amezikwa Kisutu, na Novemba hii anatimiza miaka mitatu kaburini.

"Watu walikuwa wananiuliza, wewe dada huogopi?" anasema Swaumu, 44, akinyoosha soksi zilizojikunja. "Nikawa nawajibu, nimelala naye miaka kumi na tisa, nije nimwogope akiwa kwenye spika? Siku hizi sijibu hivyo tena."

Kabla ya saa tatu wanafika wasichana wawili wa chuo. Hawaangalii soksi. Wanasimama kwenye kona na simu juu, wanasubiri kikohozi kipite, na sauti inapofika "pinda kona" mmoja wao anachungulia kutoka nyuma ya ukuta, anapunga mkono aliouvalisha glovu nyeupe, anarudi alikotoka. Wanatazama walichorekodi. Hakijawaridhisha. Wanarudia mara tatu.

"Samahani mama, ndiyo hapa kwa Tiko?" anauliza mwenye glovu.

"Ndiyo hapa," anajibu Swaumu. "Na soksi zipo."

Wananunua jozi tatu, kwa aibu tu, na kuondoka wakicheka. Hawajauliza sauti ile ni ya nani.

Kwa msomaji ambaye simu yake ni ya kupigia tu, Tiko ni kindi wa kijani mwenye koti la mvua la njano, aliyetokea kwenye gemu ya kanda mwaka 1992. Waliokulia Kariakoo miaka ile watamkumbuka vizuri. Ulilipa shilingi hamsini kwenye banda la gemu, ukakaa kwenye benchi na watoto wengine sita wanaokuelekeza, na siku zote kitufe kimoja kilikuwa kibovu.

Kampuni iliyomtengeneza ilikwishafungwa, na mashine zake zimeishia kwa wauza vyuma chakavu. Tiko mwenyewe amegoma kuondoka. Kila baada ya miaka michache vijana wa mtandaoni, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa alipotoka, wanamfukua upya. Wanamchora, wanamshonea mavazi, wanamwekea maneno, wanamgombania kana kwamba ni mtoto wa shangazi yao.

Kipande wanachokipenda kuliko vyote ni cha mwisho wa kila hatua ya gemu. Tiko anachungulia kutoka nyuma ya ukuta, anapunga mkono wenye glovu nyeupe, anatoweka, na mchezaji lazima amfuate. Watu wamekuwa wakimfuata hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni sauti. Katika gemu nzima hasemi neno. Sauti alikuja kupewa mwaka jana, hapa Kariakoo, kutoka kwenye dirisha la ghorofa ya pili.

Dirisha hilo ni la Elisaria, kijana wa miaka 24 kutoka Same, fundi simu. Kiti chake kiko juu kabisa ya meza ya Swaumu. "Ile sauti nilikuwa naisikia kutwa, mpaka naiota," anasema. "Siku moja nimekaa nasubiri mteja, nikaangalia kile kipande cha Tiko, na huku chini mzee anasema pinda kona utanikuta. Nikaona mbona vinaendana."

Alitoa mkono dirishani, akairekodi. Akakata kikohozi cha mwanzo kwa sababu, kwa maneno yake, kilikuwa kinaharibu. Akakata na soksi za mwisho. Yaliyobaki akampachika Tiko, akarusha mtandaoni, akarudi kubadilisha kioo cha simu ya mtu.

"Sikujua kama ni marehemu," anasema, na hapo anainamisha kichwa. "Miezi yote ile nilidhani mzee yuko stoo, anapanga mzigo."

Ndani ya wiki mbili kipande kile kilitazamwa mara milioni tatu. Kilianzia Dar, kikaenda Mombasa na Lubumbashi, kikafika kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, wanaoimba "pinda kona" kwa ndimi zao nzito bila kujua wanamwambia nani apinde wapi.

Swaumu hana habari za mitandao. Taarifa ilimfikia akiwa hospitali, kwenye foleni ya kupima presha.

"Nimekaa zangu, nashikilia kadi. Nyuma yangu nikamsikia Bakili. Nipo jamani, sijaenda mbali. Niligeuka kabla sijafikiri. Nilishafungua mdomo kumwitika abee." Anaweka soksi chini. "Kulikuwa na mtoto kashika simu ya mama yake. Nikamwangalia yule mtoto, akaniangalia. Akairudia."

Tangu siku hiyo alianza kukutana na mumewe mahali asipomtarajia. Alimsikia Feri kwa wakaanga samaki, ambako kijana mmoja amemfanya mlio wa simu. Alimsikia harusini Ilala, muziki umekatika katikati ya wimbo, Bakili akasema yupo, ukumbi mzima ukapiga yowe la furaha na bibi harusi akachungulia nyuma ya bwana harusi. Swaumu alichukua pochi yake akatoka na sahani ikiwa haijaguswa.

"Alikuwa mtu wa nyumbani Bakili," anasema. "Miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kufika hata Mombasa. Kafa ndiyo kaanza kutembea."

Sauti yenyewe ilirekodiwa mwaka 2021, wakati wafanyabiashara wadogo walipotakiwa kuondoka barabarani. Meza ya Bakili na Swaumu ilikuwa imekaa ukingoni mwa mtaa mkubwa miaka kumi na moja. Walipopata nafasi ndani ya uchochoro, wateja waliwapoteza. Watu walikuwa wanafika mahali pa zamani, hawaoni meza, wanaenda kwa mwingine.

Bakili akanunua spika, akasimama chini ya ngazi kukwepa kelele, akabonyeza kitufe na kukohoa. "Nikamwambia rudia, umeanza na kikohozi. Akasema, nikirudia nitakohoa tena, wewe acha hivyohivyo, wateja wanaondoka."

Kikohozi kile hakikuwa cha vumbi. Kilimlaza miezi minne, kikamchukua kabla mwaka uliofuata haujaisha. Madaktari walisema ni mapafu.

Swaumu alikaa eda miezi minne na siku kumi. Meza ilishikwa na shemeji yake, Abdulatif, ambaye naye hakuwa na la kufanya zaidi ya kuwasha spika iliyozoeleka. Siku Swaumu anarudi kazini, alimsikia mumewe kabla ya kuiona meza. Alikaa juu ya ndoo akalia mpaka adhuhuri. Kisha akaja mteja anayetaka soksi namba tatu, akainuka kumtafutia.

Alijaribu kuizima. Siku ya kwanza aliuza jozi tisa. Kesho yake alipoiwasha aliuza themanini. Ana watoto wawili sekondari, na yeye si mtu wa kujidanganya. Akaiacha iongee.

"Nilijiambia, mume ni wangu, sauti ni yangu, na kazi aliifanya kwa ajili yetu. Hapo sikuwa na tatizo. Tatizo lilianza iliposikika nyumbani."

Nyumbani ni Mtaa wa Mafia, kwenye nyumba ya urithi ya vyumba sita, mojawapo ya chache ambazo wajenga maghorofa hawajafanikiwa kuzinunua. Humo anaishi na wapangaji, watoto wake, na Bi Mwanamkuu, mama mzazi wa Bakili, mwenye miaka 76.

Kumbukumbu za Bi Mwanamkuu zilianza kuyumba muda si mrefu baada ya mazishi. Wakati wa kula alikuwa akiuliza Bakili yuko wapi. Mwanzoni walimwambia ukweli, naye kila alipoambiwa alipigwa na msiba upya, akajitupa chini, akauliza kwa nini hakuitwa.

"Tulimzika Bakili mara nane kwenye ile sebule," anasema Swaumu. "Mara ya nane shemeji akasema basi, tusimuue huyu mama. Tukakubaliana, akiuliza tunamwambia katoka, atarudi."

Ikawa hivyo. Na kwa makubaliano hayohayo, Bi Mwanamkuu hakupelekwa tena karibu na meza ya soksi. Mitaa michache tu ilimtenga na sauti ya mwanawe, na ilitosha.

Tiko aliivuka mitaa hiyo bila kubisha hodi. Sauti ilianza kutokea chumba cha wapangaji, ikapitia ukutani, ikatokea uani kwa wasichana wanaofua, ikatokea barabarani. Swaumu aliwaomba wapangaji wapunguze, wakapunguza. Wapita njia asingeweza kuwaomba.

Bi Mwanamkuu hakusema kitu. Hilo ndilo linalomsumbua Swaumu mpaka leo. Alikuwa akiacha kula, tonge mkononi, anageuza uso kuelekea ukuta ulikotoka sauti, anakaa hivyo hata dakika tano baada ya sauti kunyamaza. Halafu anaendelea kula. Na tangu wiki ile hakuuliza tena Bakili yuko wapi.

Jumatano moja ya Aprili, katikati ya masika, mpangaji alimpigia Swaumu simu saa nane mchana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na bibi hayumo.

Njia aliyopita ilikuja kujulikana kipande kwa kipande. Caroline, muuza juisi ya miwa Mnazi Mmoja, alimwona akija na kanga mbili zilizolowa na kandambili zisizofanana. Anasema alimkumbuka kwa alichokifanya.

"Kulikuwa na kijana kakaa anaangalia Tiko," anasimulia Caroline. "Bibi akamwendea, akainama, akaweka sikio kwenye simu. Kijana akadhani anataka kuona, akamgeuzia kioo. Bibi hakuangalia. Akaishika ile simu kwa kiganja, siyo kwamba anamnyang'anya, akaishika hivi, unavyomshika mtu shavu. Akasema, siye. Akaondoka."

Alifanya hivyo kwa watu wanne, Caroline akiwa amesimama na muwa mkononi. Kila mmoja alimshikia simu yake, akasikiliza, akasema siye. Hakugombana na mtu. Wa nne alikuwa mwanafunzi, naye aliogopa akazima simu, lakini sauti ikasikika kutoka kwa mwingine mbele kidogo, na Bi Mwanamkuu akaifuata.

"Nywele zilinisimama," anasema Caroline. "Nilitamani nimfuate nimuulize anamtafuta nani. Sikumfuata. Niliogopa atanijibu."

Sauti zilimpeleka hivyo, kutoka simu hadi simu, mpaka Barabara ya Morogoro na kushuka nayo kuelekea Jangwani. Huko mto ulikuwa umefurika na kufunika barabara. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili, na mamia ya watu walikwama wakisubiri maji yapungue. Wanachofanya watu waliokwama kinajulikana. Walitoa simu.

Swaumu alikuwa nyuma yake akiuliza njia nzima. Alipoondoka kwenye meza aliacha soksi zote zikining'inia, akabeba spika tu.

"Sijui kwa nini niliibeba. Watu walikuwa wananiambia tumemwona, anaenda kwenye sauti. Nikaona basi na mimi niende nayo."

Anachokumbuka kuhusu Jangwani ni rangi. Mbingu, maji na makoti ya watu vyote vilikuwa vya kijivu. Na katika ukijivu ule mume wake alikuwa akiongea kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka ndani ya gari lililofungwa vioo, hapa akianza, pale akimalizia, zaidi ya sauti kumi zilizopishana, zote za Bakili, zote zikisema hajaenda mbali.

Bi Mwanamkuu alikuwa majini. Yalikuwa yamemfika magotini na yanakwenda kasi. Alikuwa amewapa watu mgongo na uso ameuelekeza ng'ambo, ambako mtu mmoja alikuwa amefungulia redio ya gari sauti ya mwisho.

"Nilimwita mama. Hakugeuka. Nikamwita kwa jina, Mungu anisamehe. Hakugeuka. Akapiga hatua nyingine."

Swaumu akawasha spika.

Kikohozi kikatoka. Bi Mwanamkuu akasimama. Kisha akageuka taratibu, akatazama palepale iliposhikwa spika, wala hakubabaika kutafuta. Wanaume wawili waliingia wakamtoa. Swaumu anasema waliokuwa karibu walianza kuzima simu mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti moja na maji.

Si wote waliozima. Wapo waliorekodi, na kabla ya magharibi bibi aliyesimama majini alikuwa mtandaoni, na Tiko amebandikwa pembeni anampungia mkono.

Usiku huohuo ndugu walikutana. Abdulatif alisema spika izimwe na itupwe. Elisaria, aliyeona kipande kile akamtambua mama wa soksi, alikuja akiwa analia, akapiga magoti mlangoni. Alikwishafuta kazi yake mtandaoni. Alikuwa amehesabu nakala za watu wengine, akafika elfu kumi na moja, akaacha.

"Hivi huyo mnyama wao," Swaumu alimuuliza, "hachokwi?"

"Tangu tisini na mbili, mama," alijibu Elisaria. "Wanamchoka wiki moja, wanarudi."

Ndipo kijana akatoa wazo. Kwenye simu ya zamani ya Swaumu kulikuwa na jumbe za sauti za Bakili, za kununua unga, za kuuliza mtoto kapona. Elisaria alisema kompyuta ikizisikiliza inaweza kumfanya aseme lolote. Kama bibi anafuata sauti ya mwanawe, basi sauti hiyohiyo imwambie abaki nyumbani.

Swaumu alikaa na wazo hilo siku tatu. "Kumtia maiti maneno mdomoni niliona ni dhambi," anasema. "Lakini na yale maji niliyaona."

Akaandika maneno mwenyewe, nyuma ya risiti: Mama, ni mimi Bakili. Nimefika salama. Usinitafute, kaa na Swaumu. Elisaria akayatengeneza, na mbele yake akaweka kikohozi cha kweli kutoka kwenye spika, maana sasa walijua kina kazi gani.

Swaumu alipoisikiliza mara ya kwanza alitoka nje akashika ukuta. Alikuwa ni yeye. Hata neno "salama" alilivuta vilevile alivyokuwa akilivuta akiwa hai. Hofu aliyoipata, anasema, hakuipata hata kwenye mochwari.

Jumapili alasiri walikaa sebuleni. Bi Mwanamkuu alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Elisaria alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akabonyeza simu.

Bi Mwanamkuu aliacha mkono juu ya ungo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rudia."

Ikarudiwa.

"Kikohozi chake," alisema. "Maneno ya nani?"

Elisaria alitazama miguu yake.

"Mwanangu hajawahi kunikataza kutoka," aliendelea Bi Mwanamkuu, akarudi kwenye mchele wake.

Swaumu anasema hapo ndipo aliposhindwa. Uongo wa miaka miwili ulimchosha wote kwa wakati mmoja. Alishuka kwenye kiti, akakaa mkekani, akamshika mkwewe mikono. "Mama, Bakili amefariki."

"Najua."

"Unajua?"

"Kuna siku nasahau, kuna siku nakumbuka. Nikikumbuka nanyamaza, kwa sababu naona mnavyopata tabu kuniambia." Alitoa kokoto kwenye mchele, akaiweka pembeni. "Kabla hawajamtoa nilimshika miguu. Ilikuwa ya baridi. Utamsahauje mtu uliyemshika hivyo?"

"Sasa Jangwani ulimfuata nani, mama?"

Bi Mwanamkuu alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikwenda kumchukua. Mtoto yuko mikononi mwa watu wasiomjua, wanamchekea, hawajui hata kama amekufa. Nimwache hukohuko? Nikawa nawashika mmoja mmoja, siye. Wamemkata. Wamemtoa kifua chake." Akavuta ungo karibu. "Ulipokuja naye ndiyo nikageuka. Nilikuwa namtaka huyo, turudi."

Elisaria aliifuta ile sauti palepale, mbele yao. Anasema mpaka leo akimsikia Tiko anavua vifaa vya masikioni na kutoka nje ya duka. Kwa kuwa dirisha lake ni lilelile, anatoka mara nyingi.

Bi Mwanamkuu alisahau mazungumzo yale kesho yake, akauliza Bakili yuko wapi. Safari hii Swaumu hakumwambia katoka. Walilia wote wawili, kisha wakanywa chai.

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kwa nini basi spika bado inaongea, Swaumu alijibu kwamba mkwewe amemwekea tarehe. Novemba watasoma hitma ya mwaka wa tatu. Baada ya hitma, spika inazimwa na kurudishwa Mtaa wa Mafia, na Bi Mwanamkuu ndiye atakayeitunza, sandukuni, na nguo za marehemu. Mpaka siku hiyo ameruhusu mwanawe amalizie kazi.

Swaumu anajua atapoteza wateja. Anapanga kuongeza fulana za ndani na leso ili meza ionekane kutoka mbali, na kila jioni kabla ya kufunga anafanya mazoezi ya kuita. Sauti yake ni nyembamba na inakatika kwenye "jozi". Wauza mabegi wa jirani wanamtania kwamba anafukuza watu. Elisaria alijitolea kumrekodi bure, kwa mashine nzuri. Alikataa.

"Nitaita mwenyewe, kwa mdomo, kila siku," anasema. "Nikifa, na kelele ziishe."

Inakaribia saa tisa. Vijana wengine watatu wamefika kwenye kona, mmoja amevaa koti la njano juani. Swaumu anawaangalia wakipangana, anawasogezea ndoo iliyowazibia njia, anasubiri wamalize.

"Huko kwenye simu sina mamlaka," anasema. "Ataendelea kuchungulia na kupunga mkono mpaka wamchoke, na Eli anasema hawamchoki. Mimi uwezo wangu ni hapa uchochoroni. Hapa kwangu nataka Bakili afe, kama watu wengine."